Pampu Inapotetemesha Nyumba: Namna ya Kuchagua Raba ya Kuweka Chini ya Mashine

Maji ya mgao yana tabia ya kuja usiku. Katika nyumba moja ya ghorofa kule Sinza, Dar es Salaam, yalikuwa yakifika mnamo saa saba, na pampu ya kuyapandisha tangini ilifungwa kwa bolti nne kwenye sakafu ya zege, chini ya ngazi. Mpangaji wa juu yake aliniambia kelele si tatizo. Tatizo ni kitanda. "Fundi, godoro lenyewe linaimba." Nikaenda kununua mkeka wa raba nyeusi, ule wa kutandika vyumba vya mazoezi, unene sentimita 2. Nikaukata kwa kipimo cha kitako cha pampu, nikauingiza chini, nikakaza bolti zilezile. Nikalipwa, nikaondoka. Siku ya tatu simu ikaita: godoro bado linaimba.

Mkeka haukuwa mbovu. Haukubonyea, basi. Pampu ya kilo 10 juu ya mkeka mzima ni kama paka aliyekaa juu ya tairi la lori. Na zile bolti nilizokaza kwa nguvu zilikuwa zinapeleka mtetemo moja kwa moja kwenye zege, raba ikiwa imekaa pembeni kama mgeni. Siku hizi nikifika dukani siulizi kwanza unene wala bei. Najiuliza: ikibebeshwa mashine hii, raba hii itabonyea milimita ngapi?

Neno moja kuhusu majina kabla hatujaendelea. Ukiomba "mpira" dukani unaweza kuletewa wa kumwagilia bustani. Sema raba ya kuzuia mtetemo, au raba shiti, na uende na kipande cha mfano. Humu nitaita raba kile cha kuweka chini ya mashine, na mpira wa maji ubaki kuwa mpira wa maji.

Kwanza: hakikisha mashine yenyewe ni nzima

Raba haitibu bering iliyokufa. Kabla ya kutoa hela, zima umeme, shika shafti au feni ya mota uizungushe kwa mkono. Ikikwaruza au ikicheza huku na huku, bering imekwisha. Kwa pampu, angalia pia kama inapata maji ya kutosha: mlio wa kokoto ndani ya pampu maana yake maji hayafiki vizuri upande wa kuvuta, na hapo hata ukiitundika kwa kamba itatetemeka. Kwenye kinu cha kusaga, nyundo zilizolika upande mmoja ndizo huyumbisha rota yote. Zibadilishwe kwa jozi zinazokabiliana, za uzito mmoja.

Mashine ya kufulia inayofunguka mbele ina ugonjwa wake maalumu. Inatoka kiwandani na bolti za usafirishaji nyuma, mara nyingi tatu au nne, zinazolifunga pipa lisicheze njiani. Zisipotolewa, mashine inaruka jikoni kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, na mwenye mashine anakuja kuulizia raba. Zitoe, uzitunze kwa siku ya kuhama.

Pili: soma mizunguko

Kila mota ina kibati chenye maelezo. Tafuta namba iliyoandikwa RPM au min⁻¹, yaani mizunguko kwa dakika. Kwa umeme wetu wa hezi 50, pampu nyingi za nyumbani huandikwa kati ya 2,800 na 2,900, na mota nyingi za vinu na mashine za karakana hukaribia 1,450. Gawa namba hiyo kwa 60 upate mitetemo kwa sekunde: 2,900 ni kama 48, na 1,450 ni 24.

Kwa nini tuhangaike na hesabu hii? Fanya jaribio dogo ujionee. Unganisha raba bendi tatu au nne ziwe mnyororo, funga chupa ya maji ya nusu lita upande mmoja, ushike upande mwingine, chupa ining'inie. Pandisha na kushusha mkono polepole: chupa inafuata mkono, hakuna kilichozuiwa. Ongeza kasi kidogo, ufike mahali chupa inaanza kuruka juu na chini kuliko mkono wenyewe, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Sasa tikisa mkono haraka sana. Chupa imetulia karibu kabisa, mkono peke yake ndio unahangaika.

Raba chini ya pampu ni hizo raba bendi, zimegeuzwa tu chini juu. Ikiwa ngumu mno, mtetemo unapita wote. Ikiwa ya katikati, mtetemo unaweza kuongezeka, na hapa ndipo watu wengi husema "niliweka raba ikawa mbaya zaidi". Hawadanganyi. Unataka ile hali ya tatu, na unaifikia raba ikibonyea kiasi kinacholingana na mwendo wa mashine:

Mashine ya 2,900 inahitaji raba ibonyee angalau milimita 1. Mimi hulenga 1.5 hadi 2, kwa sababu raba ikitikiswa haraka huwa ngumu kidogo kuliko inavyoonekana ikiwa imetulia.

Mashine ya 1,450 inahitaji kama milimita 4. Si mara mbili ya ile ya kwanza, ni mara nne. Kasi ikipungua nusu, mbonyeo unaotakiwa unaongezeka mara nne.

Mashine inayozunguka chini ya 1,000 ingetaka sentimita moja au zaidi. Usipoteze hela kwenye raba, tafuta springi za chuma.

Tatu: pima uzito, kisha uufanye utoshe

Raba laini ya ubora wa kawaida hufanya kazi vizuri ikibebeshwa takriban kilo 1.5 hadi 3 kwa kila sentimita mraba. Hapo itabonyea kama asilimia 8 hadi 15 ya unene wake. Chini ya hapo imelala tu. Juu sana ya hapo itatanuka pembeni, ichoke mapema, na baada ya miezi utaikuta bapa kama chapati.

Rudi kwa pampu ya Sinza. Kilo 10 kwa miguu minne ni kilo 2.5 kila mguu. Ili raba ielemewe vizuri ningehitaji vipande vya sentimita moja na robo kila upande, na pampu ingesimama juu ya vidole vya kuku. Dawa ni kuiongezea uzito. Nilimwaga slabu ya zege ya sentimita 40 kwa 40, unene 8, yenye nondo nyembamba ndani. Hiyo ni lita 12.8 za zege, na zege huwa kama kilo 2.4 kwa lita, kwa hiyo slabu ilikuwa na kilo 31 hivi. Pampu nikaifunga kwa bolti kwenye slabu. Jumla kilo 41, kila pembe ikabeba kidogo zaidi ya kilo 10.

Chini ya kila pembe nikaweka kipande cha raba cha sentimita 2.5 kwa 2.5, unene milimita 20. Fanya hesabu: kilo 10 kwa sentimita mraba 6.25 ni kilo 1.6 kwa kila moja. Nilipopima kwa vernia, kile kipimo cha unene, ile ya 20 ilikuwa imefika 18 na nusu. Usiku ule maji yalipokuja nilikuwepo. Niliweka glasi ya maji sakafuni hatua moja kutoka kwenye pampu, na uso wa maji ambao mwanzo ulikuwa na viwimbi kama mchele ulikuwa umetulia.

Zege yenyewe ina faida ya pili ambayo watu huisahau: mashine iliyofungwa kwenye kitu kizito inatikisika kidogo hata kabla raba haijaanza kazi. Kama huna nafasi ya kumwaga zege, pevingi nzito mbili zilizounganishwa na bamba la chuma zinasaidia.

Angalia vipande visiwe virefu kuliko upana wake, la sivyo vitapinda kama mtu aliyesimama kwenye ndoo. Ukihitaji mbonyeo mkubwa, kwa mfano zile milimita 4 za mota ya 1,450, panga tabaka mbili au tatu na uweke bamba jembamba la chuma kati ya tabaka na tabaka.

Na kuna jambo moja la raba ambalo halionekani kwa macho. Raba haishindiliki kama sponji. Ukiibonyeza inatafuta pa kutokea, inavimba pembeni. Shiti pana isiyo na mifereji haina pa kuvimbia, kwa hiyo inakuwa ngumu karibu kama mbao. Ndiyo maana vipande vidogo vinne vinashinda mkeka mzima, na ndiyo maana mikeka mizuri ya kazi hii ina mifereji au vishimo vya mraba kama biskuti ya wafa: mle ndimo raba inapotanukia.

Nne: kuchagua raba dukani

Dar es Salaam utazunguka Kariakoo na Gerezani. Nairobi utaanzia Kirinyaga Road kwenye maduka ya vipuri. Bei hubadilika, lakini mambo ya kukagua ni yaleyale.

Ugumu. Hupimwa kwa namba iitwayo Shore A. Namba ikipanda, raba ni ngumu zaidi: 40 ni laini, kanyagio la tairi liko 60 hadi 70, kisigino cha kiatu kigumu hufika 80. Tafuta 40 hadi 50. Kama haikuandikwa, bonyeza kwa ukucha wa gumba. Ikikubali alama na kuifuta polepole, ni laini. Ikikataa kabisa, iache.

Aina. Hapa mazingira ya mashine ndiyo yanaamua. Raba asilia, ile itokanayo na utomvu wa miti kama ya mashamba ya Kihuhwi kule Muheza, ndiyo yenye mnepo mzuri kuliko zote kwa mtetemo, lakini mafuta huifanya iwe kama ugali mbichi na jua huipasua. Pampu ya maji ndani ya nyumba, raba asilia. Mashine inayodondosha oili au dizeli, chukua nitrili, ile wanayotengenezea sili za oili. Kitu kinachokaa juani mwaka mzima, kama kifaa cha nje cha kiyoyozi, EPDM, jamaa ya raba za milango ya magari; hiyo nayo usiikaribishe mafuta. Neoprini iko katikati: haishindi popote, haianguki popote. Kama hujui mashine itaishia wapi, chukua neoprini.

Umri. Kunja kipande mara mbili, uangalie mgongoni. Nyufa ndogo kama za udongo uliokauka maana yake kimezeeka stoo. Kisugue pia kwenye karatasi nyeupe. Kikiacha weusi mwingi, kitaacha doa kwenye vigae, na kwenye sakafu ya vinaili doa hilo halitoki. Weka kigae chakavu chini yake.

Sasa vile vya bei nafuu. Vipande vya tairi ndivyo wengi wetu tulivyoanza navyo, na sivikebehi, katambuga zimetuvusha mbali. Lakini tairi lina nyuzi na waya ndani ambazo kazi yake ni kulizuia lisitanuke. Linabonyea kidogo mno. Litazuia mashine isiteleze, litapunguza mlio kidogo, basi. Mkanda wa zamani wa migodini nao ni hivyohivyo. Tyubu ni laini ila ni nyembamba mno. Mikeka ya chembechembe za matairi, kama ule ulioniponza mwenyewe, ni mizuri kwa kitu kizito chenye miguu midogo, si kwa kitu chepesi chenye kitako kipana. Zile za watoto za rangi rangi zinazoungana kama chemshabongo si raba kabisa. Ni povu, na mashine italilaza ndani ya wiki chache.

Mauntingi za injini ya gari zinavutia sana, hasa zilizotumika, kwa kuwa ni raba halisi iliyogandishwa kwenye chuma chenye bolti zake. Kumbuka tu zimeundwa kubeba injini ya kilo mia na zaidi. Chini ya jenereta kubwa au kinu, safi. Chini ya pampu ya nusu hosipawa ni yule paka na tairi tena.

Tano: kuifunga bila kuua kazi yake

Zima umeme kwenye swichi kuu, si kwenye swichi ya pampu peke yake. Kata raba kwa kisu cha kapeti kilichochovywa kwenye maji ya sabuni. Kikavu kinang'ang'ania na mkato unaenda mshazari.

Slabu yenye raba chini haihitaji bolti kwenda sakafuni. Uzito wake unatosha. Ukihofia itatembea, funga vipande vinne vya pembe za chuma sakafuni kuizunguka, ukiacha nafasi ya milimita 5 kila upande, isiguse. Mashine ambayo lazima ifungwe chini, toboa tundu kubwa kuliko bolti, weka bushi ya raba chini na washa ya raba juu, chuma cha bolti kisiguse chuma cha mashine popote. Kaza nati mpaka raba ianze kushikika, usifikie kuivimbisha, kisha funga nati ya pili juu yake ili ya kwanza isifunguke.

Sasa bomba. Hapa kazi nyingi nzuri huharibika. Umeiweka pampu juu ya raba, halafu bomba gumu la chuma linatoka pampuni hadi ukutani: mtetemo utapanda bomba, utaingia ukutani, godoro litaimba. Katika kila upande wa pampu weka kipande cha mpira wa maji cha sentimita 30 hivi, kilichofungwa kwa klipu mbili kila mwisho. Upande wa kusukuma kiwe chenye nyuzi za kuimarisha. Upande wa kuvuta kiwe chenye waya wa mzunguko ndani, la sivyo kitajinyonya kikabana. Bomba linalofuata lishikwe ukutani kwa vibano vyenye raba. Waya wa umeme uachiwe mkunjo mdogo uliolegea.

Waya wa ethi usiutoe kwa kisingizio kwamba mashine sasa iko juu ya raba. Raba nyeusi ina masizi ya kaboni, na nyingine hupitisha umeme. Mikeka ya kumkinga fundi na umeme ni bidhaa nyingine kabisa, yenye vipimo vyake.

Mashine nyingine, kwa kifupi

Mashine ya kufulia. Nitasema ukweli: usitarajie muujiza. Pipa lake limeshatundikwa kwenye springi ndani, na ikizungusha kwa 800 ni mitetemo 13 tu kwa sekunde, mahali ambapo raba laini inaweza kuyumbisha zaidi. Chukua mkeka wa chembechembe wa milimita 10 hadi 20, usiwe laini, na uweke plaiwudi nene juu yake ikiwa miguu inadidimia. Utapata kupunguza mvumo na kuizuia isitembee. Kisha tumia pima maji kusawazisha miguu, ukaze nati zake za kufungia. Blanketi moja zito peke yake ndani ya pipa litashinda raba yoyote; liwekee taulo mbili za kusaidiana nalo.

Jenereta ndogo za petroli zinazunguka kama 3,000, kwa hiyo raba inazifaa. Lakini nyingi zina mauntingi zake ndani ya fremu, na zikikatika ndipo kelele huanza. Chunguza hizo kwanza. Raba iwe nitrili, mbali na eksozi. Na jenereta ibaki nje, hewani, hata kama kimya chake kimekufurahisha: moshi wake una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu ya kukuonya.

Kinu cha kusaga na mota yake vifungwe kwenye fremu moja ya chuma, raba iwe chini ya fremu nzima. Ukiweka raba chini ya mota peke yake, mkanda utaivuta, utalegea, uanze kuteleza na kunuka.

Friji iache. Kompresa yake imekaa juu ya raba zake. Ikivuma, angalia bomba za nyuma kama zinagusana au zinagusa ukuta, na isukume mbele kidogo.

Wiki ya kwanza

Raba huendelea kukaa taratibu kwa siku kadhaa baada ya kubebeshwa. Pima urefu wa kila kipande siku ya kwanza na siku ya saba. Ikiwa pembe moja imeshuka kuliko nyingine, upande wa mota ni mzito; sogeza kipande kiende chini ya uzito zaidi au kiongeze upana kidogo. Kagua klipu za mipira ya maji, zinaweza kutaka robo mzunguko. Weka kiganja ukutani, kisha kwenye bomba, kisha sakafuni, pampu ikiwa inafanya kazi: panapotetemeka ndipo kuna kitu kigumu kinachogusa.

Pale Sinza kiganja kilinionyesha klipu moja ya bomba iliyokuwa imebanwa kwenye nguzo ya ngazi, chuma kwa chuma. Nilikata kipande cha tyubu ya baiskeli nikakivisha. Halafu nikaandika tarehe na "20/18.5" kwa rangi pembeni mwa slabu, ili fundi atakayenifuata ajue raba ilianzia wapi.